Mmoja Agawe, Mwingine Achague

Mtu akikuambia anamjua binadamu, muulize kwanza kama amewahi kugawana robota la mitumba na mwenzake. Kama hajawahi, mkaribishe chai, halafu katafute mwingine wa kuongea naye. Mimi nimegawana. Jina langu Selina, kwetu Kisesa, ila kibanda changu kilikuwa mjini Mwanza, kando ya barabara ya kwenda Pasiansi, na haya ninayoyasema sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoiachia biashara. Vilivyokuwa vimefungwa vikafunguliwa, na vilivyokuwa wazi vikafungwa. Maduka yalijaa sabuni na redio, viwanda vikabaki na popo. Mitumba nayo ikaingia kwa malori, mpaka mwanamke aliyekuwa na gauni moja la kwendea kanisani akawa na la Jumatatu na la Jumanne. Sasa robota la mitumba, kwa asiyelijua, ni mzigo wa nguo uliobanwa na kufungwa kwa mikanda, na tajiri anakuuzia ukiwa umefungwa hivyo hivyo. Ndani kuna nini, Mungu ndiye ajuaye. Peke yangu sikuwa na uwezo wa kununua robota, na jirani yangu Bushra peke yake hakuwa nao. Tukaungana.

Bushra nilimwita Mama Mwaija, naye akaniita Mama Kija, kwa majina ya wanetu. Vibanda vyetu viligusana. Mumewe, Muharami, alikuwa na cherehani yake pale mbele, akipunguza suruali za wazungu zikae kwenye viuno vya watu wa kawaida, na jioni alifundisha watoto madrasa, ndiyo maana sote tulimwita Mwalimu. Huyu bwana alitukataza katakata kununua kitu tusichokiona. Alisema hiyo ni kamari, na kamari haina baraka. Basi tukambembeleza tajiri awe anatuchania pembe moja ya robota tuchungulie kabla ya kulipa. Tajiri alicheka sana, lakini alikubali, maana tulikuwa wateja wake.

Kugawana kwetu kulikuwa hivi. Tunatandika turubai, tunakaa tukitazamana, robota katikati. Naokota nguo, naitazama, namrushia: "Hii yako." Yeye anaokota, ananirushia: "Hii yako, Mama Kija, wape wavuvi wako." Makoti mazito yote yalikuja kwangu, kwa sababu wateja wangu wakubwa walikuwa vijana wa dagaa, wanaokesha ziwani wakitetemeka. Gauni ndefu na mitandio zilikwenda kwake. Hatukuhesabu. Siku nyingine yeye alipata zaidi, siku nyingine mimi, na siku zote tulicheka. Nikimwona anashika blauzi nzuri kwa muda mrefu, najua anaitaka, namwambia chukua, usije ukaota nayo.

Sasa nije kwa mume wangu. Mayala alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba tangu ujana wake, akashika funguo za ghala mpaka mvi zikamtoka. Kisha kinu kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alikaa nyumbani, akachoka kukaa nyumbani, akaanza kuja kukaa kibandani kwangu kwenye ndoo aliyoifudikiza. Jamani, mtu asiye na kazi ni hatari. Akikosa lake la kuhesabu, anahesabu la mwenzake.

"Mbona gauni zote nzuri ziko kwa Mama Mwaija?" aliniuliza siku moja.

"Kwa sababu mimi nikitundika gauni ndefu, wavuvi watazivaa kwenda nazo wapi?"

"Cheka tu," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikamwambia anayenila nguoni mwangu anajulikana, na leo asubuhi amekula viazi vyangu vyote. Lakini neno lilikuwa limeshamkaa rohoni.

Kikaja kitu kinaitwa semina ya wafanyabiashara wadogo. Ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, na mfundishaji alikuwa dada mmoja wa mradi, anaitwa Wilhelmina, msomi, mpole, sauti yake safi. Tulikwenda wote, na Mayala akatufuata kwa kuwa kulikuwa na soda. Wilhelmina akasema binadamu yeyote anavuta kwake. Akasema hilo si tusi wala si dhambi, ndivyo tulivyo. "Mwenye kivuko cha Kamanga anakuvusha kwa sababu anakupenda?" akatuuliza. "Anataka nauli. Lakini si unafika? Kila mtu akivuta kwake kwa utaratibu mzuri, wote mnafika." Kwa hiyo, akasema, ukifanya biashara na mwenzio, wekeni utaratibu ambao hata kama mwenzio ana tamaa, wewe huumii. Akatoa mfano: watu wawili wana kitu cha kugawana. Mmoja agawe, mwingine achague. Anayegawa atagawa sawa, kwa kuogopa kubakiwa na kibaya.

Ukweli nisiufiche, niliona ni akili nzuri. Mayala yeye aliacha hata soda yake ipate moto. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu ya kesi yake mwenyewe, na safari hii ameshinda.

Baada ya siku kadhaa Wilhelmina akapita vibandani kutusalimu. Mwalimu Muharami akasimamisha cherehani, akamkaribisha kiti.

"Mwanangu," akamwambia, "nimehadithiwa somo lako. Hukusema uongo. Hata sisi tumefundishwa kwamba binadamu kaumbwa na pupa. Akipata anakumbatia, akikosa analalamika. Ila wewe umeshuka njiani. Safari inaendelea."

"Inaendelea wapi, Mwalimu?"

"Huyo huyo mwenye pupa, ndani yake kawekewa kitu kinachojua haki. Kinaweza kulala, kinaweza kuamshwa. Ukimwambia kila siku kwamba yeye ni tumbo tu, atakuamini, na atakuwa tumbo."

Wilhelmina hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, shikamoo tena, lakini mimi nimeona kina mama wangapi wameliwa na ndugu zao wenyewe kwa jina la upendo. Wangekuwa na utaratibu, wasingelia."

"Kweli kabisa," Mwalimu akajibu. "Ndiyo maana na sisi tuna mizani na mashahidi. Mizani inamsaidia mtu awe mwema. Isije ikamwambia kwamba hawezi kuwa."

Wakaagana vizuri, na dada wa watu akapunguziwa sketi bure. Mimi nilidhani yameisha. Kumbe Mayala, pale kwenye ndoo yake, alikuwa ameokota nusu ya maneno iliyomfaa.

Usiku ule ule akanipa sharti. Robota lijalo ligawanywe kwa utaratibu wa semina, naye akiwepo. Ikionekana kuna ujanja, nitoe fedha yangu, niondoke, nikaungane na kaka yake Masele kwenye dagaa. Nikitoka mimi, Bushra hana robota, na asipokuwa na robota, cherehani ya Mwalimu haina cha kushona. Na mimi ningekwenda kuanika dagaa kwa shemeji ambaye hata salamu anaitoa kwa kupima. Lakini kilichoniuma zaidi ni Bushra mwenyewe. Nilipojifungua Kija nikavuja damu, huyu ndiye aliyenishika mkono njia nzima mpaka hospitali. Leo nikamwambie mume wangu anakuona mwizi?

Nilimwambia. Ningefanyaje? Alinisikiliza huku akikunja mtandio, akaukunja mpaka ukawa mdogo kama leso.

"Sawa," akasema. "Mwambie aje na macho yake."

Siku ya siku tukatandika turubai. Mayala alisimama juu yetu, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Chenge, muuza viatu wa jirani, naye akasogea, maana yule bwana harufu ya ugomvi humfikia kabla ya harufu ya chakula. Mayala akasema, "Mama Mwaija agawe. Selina achague." Tukakata mikanda.

Sijawahi kuona robota kama lile. Gauni za hariri, sketi za marinda, blauzi ambazo bado zina karatasi za dukani. Kulikuwa na gauni la bluu ambalo ungeweza kumwozeshea binti wa tajiri. Kulikuwa na koti la suti, jeusi, la mwanamume, limenyooka utadhani limetoka kupigwa pasi. Na kulikuwa na takataka zake vilevile, sweta zilizoliwa na nondo, suruali za watoto zisizo na vifungo.

Bushra akagawa. Aliokota na kuweka, akaokota na kuweka, na mimi nikaanza kuona anachofanya. Upande mmoja aliweka gauni zote, hariri zote, la bluu juu kabisa, koti la suti pembeni. Upande wa pili akaweka sweta za nondo na makoti mazito na zile suruali. Alipomaliza akajifuta jasho, akamtazama Mayala, si mimi.

"Nimegawa," akasema. "Mkeo achague."

Chenge akapiga mluzi. Mayala alibabaika. Utaratibu ule haukumfundisha hili. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayeiba, hakujiandaa kwa mtu anayetupa vyote miguuni pako kwa hasira. Akaninong'oneza, "Chagua, unangoja nini? Si kajitakia mwenyewe?"

Mimi nina hasira za karibu, na kila mtu sokoni anajua. Niliona machozi ya Bushra yamesimama pale pale yasianguke, nikasema moyoni, huyu mwanamke anafikiri nitachukua? Ananijua miaka yote hii na anafikiri nitachukua? Nikakanyaga turubai, nikaenda nikakaa juu ya lundo la sweta za nondo.

"Nimechagua hili," nikasema.

"Selina," mume wangu akasema.

"Si nimeambiwa nichague? Nimechagua. Nani asiyeona?"

Basi tukawa tumekwama. Lundo zuri likabaki katikati ya turubai, halina mwenyewe. Mama mmoja mpita njia akauliza gauni la bluu bei gani, nikamwambia muulize huyu. Bushra akamwambia, si langu, muulize yule. Mama wa watu akatutazama wote wawili, akaona hapa kuna wagonjwa, akaondoka zake. Mwalimu Muharami alisimama kwenye cherehani akasema kisheria lundo lile ni la Bushra, maana mwenzake ameshachagua. Bushra akamwambia mumewe, kwa adabu lakini bila kumtazama, kwamba hawezi kuuza nguo ambazo ametukanwa kwazo.

Kisha akamgeukia Mayala. "Shemeji, nilikukosea nini?"

Mayala akashusha mikono aliyoiweka nyuma. Halafu yakamtoka. "Hukunikosea wewe," akasema. "Mimi funguo za ghala nilizishika miaka yote hiyo, haikupotea hata kamba ya gunia. Siku ya mwisho wakatupanga getini wakatupekua. Mimi wakanivua viatu. Soksi wakazigeuza. Kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi ndiye aliyeninyanyua mikono. Tangu siku ile nimejua. Kumbe siku zote walikuwa wananiona mwizi, walikuwa hawajanikamata tu. Basi na mimi niamini mtu kwa nini?"

Mimi mkewe nilikuwa silijui hilo. Tulilala kitanda kimoja mwaka mzima na hakuniambia. Nilitaka kuinuka nimshike, lakini macho ya watu yalikuwa mengi.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mwalimu akafunika cherehani yake akaenda msikitini. Bushra akainuka, akakung'uta gauni lake. Yeye huwa anasali nyumba ya nyuma, kwa mama mmoja rafiki yetu.

"Shemeji," akasema, "gawa wewe. Changanya yote, ugawe upya, langu na la mkeo. Nikirudi nitakachokikuta ndicho changu."

"Mimi?" Mayala akauliza. "Ubaki basi uangalie."

"Nakwenda kusali." Na akaenda, hakugeuka nyuma.

Mayala alibaki amesimama mbele ya nguo zile mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Chenge akamsogelea. "Mzee, bahati ikigonga mlango unauliza jina? Weka za juu kwako. Nani anaona?"

"Rudi kwenye viatu vyako," Mayala akamwambia.

Akapiga magoti. Akaanza. Mimi niliinuka kwenye sweta nikafumba mdomo, jambo ambalo wanaonijua watakuambia halijawahi kutokea. Gauni la bluu aliliweka kwetu. Akalitoa akaliweka kwa Bushra. Akalitazama, akalirudisha kwetu. Mkono wa mtu una uzito wake, ndugu zangu, unajiendea kwa mwenyewe, na mume wangu hakuwa malaika. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama Mwaija anauza zipi zaidi?" Nikamwambia gauni ndefu na mitandio. Akavuta hariri ndefu zote akazipeleka kwake. "Na wewe?" Nikamwambia unajua. Akaleta makoti mazito. Kisha akasita, akasema peke yake, la bluu liko kwetu, lazima na kule kiende kitu cha uzito huo.

Kitu chenye uzito huo kilikuwa kimoja tu, lile koti la suti. Alilinyanyua. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, na koti likamkaa mabegani vizuri kabisa. Tangu apunguzwe hakuwa na koti la kuvaa akienda kuomba kazi. Alikuwa anaazima la Masele, ambalo mikono yake inaishia viwikoni, na kila mara akirudi nilijua koti limemwaibisha kabla hajafungua mdomo. Niliomba kimya kimya, Bwana Yesu, aniulize mimi, nimwambie achukue. Hakuniuliza. Alikaa nalo mwilini kidogo, akalivua, akalikunja mikono kwa ndani, akaliweka juu ya lundo la Bushra.

Bushra akarudi, uso bado una maji ya udhu. Akainama, akaanza kukusanya lundo alilokuta upande wake, kwa mikupuo, kama anayeokota kuni.

"Angalia kwanza," Mayala akasema.

"Hapana, shemeji."

"Pande zote mbili ziangalie. Linganisha."

"Inatosha."

"Nakuomba uangalie," akasema. "Mama Mwaija, mimi nimegawa kwa haki. Mungu wangu na wako ananiona. Angalia basi."

Bushra alisimama na nguo zimemjaa kifuani mpaka kidevuni. Akamwambia taratibu, "Nikiangalia nitakuwa nimekupekua."

Mayala akakaa chini pale pale kwenye turubai, mchana kweupe, mtu mzima mwenye mvi, akalia. Hakuna aliyecheka, hata Chenge. Bushra akaingia kibandani kwake akaanza kutundika, mimi nikatundika kwangu, na la bluu likanunuliwa kabla sijalipatia kamba.

Jioni akaja mwalimu wa shule, anawahi kivuko cha kwenda Kamanga, akaliona koti la suti kwa Bushra. Bushra alikuwa na mteja mwingine, akapaza sauti, "Shemeji, nisaidie hapo." Mayala akaenda. Akamshikia yule mwalimu koti alijaribu, akamwonyesha jinsi ya kulifunga, akamwambia limekupendeza. Akalifungia kwenye gazeti vizuri, pembe kwa pembe, akampa. Bushra mpaka leo hajui kwamba koti lile Mayala alilivaa kwanza, na mimi sikumwambia, maana halikuwa langu la kusema.

Tulipokuwa tunafunga vibanda nilimwambia mume wangu kwamba nampenda kuliko siku aliyonioa. Nililisema kwa sauti yangu hii hii, wote wakasikia. Akasema nisimpigie kelele barabarani, akabeba turubai, tukaenda nyumbani.